Waziri Aliyeatamia Mayai

Nchi ninayoisimulia hapa haipo kwenye ramani, kwa hiyo asije mtu kunigongea mlango kuniuliza nilimaanisha nani. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina mawaziri. Mawaziri ni wengi kuliko mito, na tena wao hawakauki kiangazi. Sisi wananchi tunaishi vizuri. Tukisahau kwamba tunaishi vizuri, hutumiwa watu kutoka makao makuu waje kutukumbusha, na wakimaliza kutukumbusha huwa wamekwisha kula kuku wetu.

Kijiji chetu kinaitwa Itotowe. Tangu enzi za mababu tuna sikukuu ya kufungua mashamba. Wenye dini zao waliiita ya kipagani, nasi hatukubisha, kwa sababu siku yenyewe ikifika hata wao walikuja kula.

Mambo yake ni haya. Kiangazi kikiwa kirefu, ardhi hununa. Hununa kama mke aliyeahidiwa kanga akaletewa maelezo. Na ardhi iliyonuna haishiki mimba: utaitia mbegu, nayo itakutemea magugu. Basi mvua za kwanza zikishanyesha, kabla mtu hajatia punje, mwenye cheo kuliko wote huletwa uwanjani akakalishwa juu ya mayai. Si mayai ya dukani. Ni mayai yaliyotolewa chini ya kuku anayeatamia, yenye uhai ndani. Mkubwa huyo anachuchumaa juu ya kiota cha nyasi, anaatamia, na wanawake wanamzunguka wakimtukana.

Tunamtukana bila uchafu, lakini tunamtukana kweli. Uchoyo wake, kitambi chake, ahadi zake, anavyokoroma, anavyojificha jikoni wageni wakija. Akikasirika akainuka, au akikaa kwa uzito akavunja hata yai moja, mwaka umeharibika. Akivumilia mpaka akacheka mwenyewe, kicheko cha tumboni, basi ardhi nayo imecheka. Hapo mwanamke mkongwe kuliko wote hutupa punje ya kwanza, na kijiji kizima huingia shambani. Wanaume waliooa mwaka huo hubeba majembe ya wake zao. Mayai hurudishwa kwa kuku wake, na yakishatotolewa maganda hugawanywa: mengine husagwa yakamwagwa kwenye matuta, mengine hufungwa kwenye pindo la kanga na mwanamke anayetafuta mtoto. Mimi nilifunga mara moja. Nilipata mapacha, na tangu siku hiyo maganda ya mayai nayaheshimu kwa mbali.

Maana yake haihitaji shahada. Anayetawala ni kuku. Kazi yake ni kukaa kwa upole juu ya uhai wa wengine, kuvumilia maneno, na kutovunja kitu.

Serikali iliipiga marufuku sikukuu hiyo, na ilikuwa na haki. Mkuu wa wilaya mmoja aliatamia, akaambiwa ukweli mfululizo bila kuuzoea, akalazwa hospitali. Baada ya hapo tukawa tunafungua mashamba kimyakimya, nyuma ya nyumba, mwenyekiti wa kijiji akiatamia huku mtu mmoja akichungulia njiani.

*

Kisha akatokea Mheshimiwa Daktari Lugusha Mang'wenya, Waziri wa Rutuba, Mvua na Furaha ya Wananchi. Mheshimiwa alikuwa amekwenda katika nchi moja ya baridi kujifunza rutuba. Huko, theluji ikiyeyuka na majani yakianza kuchipua, alikuta watu wanasherehekea. Wanaweka sanamu za sungura, kwa sababu sungura anazaa sana. Wanaweka mayai, kwa sababu yai lina uhai. Wanayapaka rangi, kwa sababu wana muda.

Mheshimiwa alirudi nyumbani amechukia.

“Kwa nini sisi hatuna jambo kama hili?” aliuliza.

Wakamwambia tunalo, lipo Itotowe, ila limefungiwa.

“Lifunguliwe,” akasema. “Lipanuliwe. Na mimi ndiye nitakayeatamia.”

Nchi nzima ikapigiwa makofi na redio. Ikatangazwa Sikukuu ya Taifa ya Kuchipua, na ili isije ikapoteza hadhi, ikatolewa amri moja ndogo: mtu yeyote haruhusiwi kutia mbegu ardhini kabla Mheshimiwa hajaatamia.

Kamati ya maandalizi ikafika Itotowe ikiongozwa na Mkuu wa Itifaki, Bwana Kapufi, mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa kiasi kwamba kuku walijitazama humo. Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Iliomba theluji kutoka idara ya hali ya hewa, ikajibiwa kwamba haipo kwenye bajeti ya mwaka huu. Iliagiza sungura, wakaletwa wawili, wakavalishwa tai, wakatorokea porini na tai zao. Basi wanabendi wa polisi wakashonewa masikio marefu ya kitambaa, wakaamriwa kurukaruka huku wakipiga tarumbeta. Mazoezi yalikuwa ya kuhuzunisha, lakini masikio yalishonwa vizuri, siwezi kuwadhulumu.

Wakati huo mvua ya kwanza ilikwisha nyesha. Ikanyesha na ya pili. Nilichomeka kidole shambani, kikaingia chote bila kukwama. Udongo wetu ni mfinyanzi: ukiwa na maji ni kama siagi, ukipigwa jua siku chache jembe linarukaruka juu yake kama mpira. Mwaka uliotangulia tulichelewa kupanda, na wanangu wakala uji wa pumba mpaka wakaanza kuutambua mlio wa kuku. Mbegu nilizobakiza zilikuwa za kupanda mara moja tu. Tukiupoteza unyevu ule, watoto watakula hotuba.

*

Bwana Kapufi alinikuta uani napepeta mahindi. Mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, alikuwa kwenye mkeka anamenya karanga. Bi Nyamizi ndiye mkongwe kuliko wanawake wote wa Itotowe. Punje ya kwanza ni yake, na kabla mkono wake haujatupa, hapandi mtu, hata akishikiwa bunduki.

“Mama Sikitu,” alisema Bwana Kapufi, “Kamati imekuteua kwa kauli moja. Tumesikia una stashahada ya sayansikimu. Utachemsha mayai.”

“Ya chai?”

“Ya kuatamia.”

Nikauweka ungo chini. “Bwana Kapufi, yai lililochemshwa halitotolewi.”

“Nani anataka litotolewe? Tunataka lisivunjike. Suti ya Mheshimiwa imetoka ng'ambo.”

“Sasa ataatamia nini?”

“Ataatamia kwa mfano.”

Bi Nyamizi hakuinua uso. “Na mimi nitapanda kwa mfano,” alisema, “kisha nyote mtakula kwa mfano.”

Bwana Kapufi alicheka kidogo, kama mtu anayemchekea mtoto wa bosi, akatoa karatasi mfukoni. Hiyo ilikuwa zawadi yangu ya pili. Kwa kuwa nimesoma, mimi ndiye nitakayemtukana Mheshimiwa, na matusi yalikwisha pitishwa na kikao. Nikayasoma kwa sauti ili mama mkwe asikie.

“Mheshimiwa, unatuchosha kwa maendeleo. Mheshimiwa, huna huruma hata na afya yako mwenyewe. Mheshimiwa, u mkaidi. Kila tukikusihi upumzike, unakataa.”

“Hayo si matusi,” alisema Bi Nyamizi. “Hiyo ni posa.”

“Na asipocheka?” nikauliza.

“Mheshimiwa hacheki hadharani, si desturi yake. Kicheko kimerekodiwa. Kitapigwa kwenye spika baada ya tusi la mwisho. Tumemtumia mtangazaji wa redio, ana kifua kizuri.”

Alipoondoka, Bi Nyamizi alikung'uta maganda ya karanga mapajani.

“Mkwe wangu, nisikilize. Yai limekufa. Tusi limekufa. Kicheko ni cha mtu mwingine, tena kimetiwa kwenye sanduku. Mimi mkono wangu sitautoa. Ardhi si mjinga.”

“Mama, wakituona hatupandi baada ya sherehe watasema tumegoma.”

“Waseme.”

“Na watoto?”

Alikuwa anawapenda watoto wangu kuliko alivyonipenda mimi, na hilo halikuwa siri baina yetu.

“Leta yai lililo hai,” alisema mwishowe, “na mwanamume acheke kwa tumbo lake. Hayo mawili tu. Sijaomba daraja.”

*

Siku ya sikukuu nilichemsha mayai kama nilivyoagizwa. Mimi si mkaidi. Niliyachemsha mpaka yakawa magumu kama maazimio, nikayamenya, nikatia chumvi na pilipili manga, nikawapelekea wajumbe wa Kamati pamoja na chai. Wakala yote. Bwana Kapufi alikula mawili akasema hakika elimu haipotei.

Kisha nikaenda nyuma ya jiko kwa kuku wangu aitwaye Shangazi. Shangazi alikuwa ameatamia kwa muda wake wote, mayai yalikuwa karibu kupasuka. Alinidonoa mpaka damu ikatoka, nikamwambia pole, ni kwa faida ya taifa. Nikayapaka rangi za bendera: njano ya bizari, nyekundu ya rosela, kijani cha majani ya maboga yaliyopondwa. Kamati ilikuwa imeniletea rangi ya mafuta, lakini hiyo ingewaziba pumzi waliomo ndani, nikaitumia kupaka mlango wa choo, ambao sasa ni wa kizalendo kabisa. Moja ya mayai nililiweka sikioni. Likanigongea.

Nikampelekea Bi Nyamizi. Akaliweka sikioni naye, akatabasamu kwa jino lake.

“Huyu yuko njiani,” alisema.

Nikayafunika kwa kanga yenye joto, nikayapeleka uwanjani na kuyapanga kwenye kiota. Nilipokwisha kuyapanga ndipo wazo lilinijia ambalo lingefaa kunijia mapema. Mheshimiwa ameambiwa mayai yamechemshwa. Mtu aliyeambiwa mayai yamechemshwa hatachuchumaa kwa upole. Atakaa. Na Mheshimiwa Lugusha Mang'wenya, kwa jinsi nilivyomwona akishuka garini huku gari likipanda juu kwa nafuu, hakuwa mtu wa kukaliwa naye.

Nikageuka niyaondoe. Bendi ikaanza kurukaruka. Nilikuwa nimechelewa.

*

Sherehe ilikuwa nzuri sana. Kulikuwa na mahema ya wageni, zulia jekundu lililowekwa juu ya tope likawa la kahawia, na kiota chenyewe kilikuwa kimetandikwa velveti. Mheshimiwa alihutubia kwa muda mrefu. Alisema rutuba si jambo la kukurupuka. Alisema zamani mbegu zilikuwa zikiota ovyoovyo bila mwongozo, lakini sasa zitaota chini ya sera. Alisema mayai haya ni alama ya umoja wetu, kwa kuwa yai halina pembe. Wageni walipiga makofi. Sisi tulilitazama jua, lililokuwa limetoka na kuanza kunywa maji ya mashamba yetu.

Kisha akasogezwa kiotani. Wasaidizi wawili walimshika kwapani wakaanza kumteremsha taratibu kama kabati. Bwana Kapufi akanipa kipaza sauti na kunikonyeza.

“Mheshimiwa,” nikasoma, “unatuchosha kwa maendeleo.”

Mbuzi mmoja alilia mbali.

“Mheshimiwa, huna huruma hata na afya yako mwenyewe.”

Bi Nyamizi, aliyeketi mbele na kikapu cha mbegu mapajani, alipiga mwayo uliosikika mpaka kwenye mahema.

“Mheshimiwa, u mkaidi, kila tukikusihi upumzike, unakataa.”

Spika zikalipuka: “HA! HA! HA! HA!” Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amefunga mdomo kama bahasha. Watoto wakaangalia juu kumtafuta anayecheka. Bi Nyamizi hakusogeza hata kidole. Wanawake wote wakamtazama yeye, kisha wakayatazama majembe yao, na hakuna aliyelishika lake.

Bwana Kapufi akaona mambo yanapoa, akamnong'oneza Mheshimiwa karibu na kipaza sauti changu, tukasikia wote: “Sasa kaa kwa uhuru wote, Mheshimiwa. Yamechemshwa.”

Wasaidizi wakamwachia.

Jamani, mimi ni mama. Nimewahi kumdaka mtoto akianguka kitandani huku nimeshika sufuria ya maharage ya moto, na maharage hayakumwagika. Karatasi iliniponyoka, sauti ikatoka bila ruhusa ya kikao.

“Ewe Lugusha!”

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Jina lile halikuwahi kutembea peke yake, bila Mheshimiwa mbele yake, tangu alipoapishwa. Yeye mwenyewe alishtuka akabaki nusu njia, magoti yamekunjwa, mikono imeshika hewa.

“Ewe mwenye makalio mazito kuliko ahadi zako! Polepole! Ulikalia daraja letu, mpaka leo limelala mtoni. Ulikalia zahanati yetu, ikabaki msingi, mbuzi wanaota jua humo. Kila unachokalia kinavunjika, na leo umekuja kukalia watoto wa kuku? Nyanyua! Nyanyua kidogo! Kaa kama mtu anayejua kuna siku atainuka!”

“Nyanyua!” wakapokea wanawake nyuma yangu, kwa sauti moja, kama wimbo waliokuwa wameufungia sandukuni miaka yote. “Nyanyua, Lugusha, nyanyua!”

Askari mmoja, masikio ya sungura yakimning'inia, akapiga hatua kunijia.

“Wewe kijana,” alisema Bi Nyamizi bila kupaza sauti, “mguse mkwe wangu, kisha uieleze mvua.”

Yule askari alikuwa mtoto wa mkulima. Akarudi mahali pake.

Mheshimiwa hakushuka wala hakuinuka. Shingo ilimvimba, jasho likamchuruzika mpaka kwenye tai, mapaja yakamtetemeka ndani ya ile suti ya ng'ambo. Nilimtazama usoni nikaona hasira inapanda kama maziwa jikoni. Akiinuka kwa hasira, tumekwisha. Miguu ikimwisha nguvu akaanguka, tumekwisha na Shangazi pia. Mwaka wetu mzima ulikuwa umening'inia kwenye magoti ya Mheshimiwa.

Ndipo kiota kikasema: “Piyo.”

Shingo zote zikageukia kiotani.

“Piyo, piyo.”

Mheshimiwa aligeuza kichwa taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji kichwani.

“Bwana Kapufi.”

“Naam, Mheshimiwa.”

“Uliniambia haya mayai yamechemshwa.”

“Yamechemshwa, Mheshimiwa. Yamechemshwa kikamilifu. Mimi mwenyewe nilisimamia.”

“Piyo,” kikasema kiota.

“Mbona moja linaniita?”

Bwana Kapufi alikitazama kiota, akamtazama Mheshimiwa, akanyoosha koti lake.

“Litakuwa linakupongeza, Mheshimiwa.”

Kwanza tulidhani ni kikohozi. Kilitoka kifuani mwa Mheshimiwa kwa kukwaruza, kama mashine ya kusaga iliyokaa msimu mzima bila kuwashwa. Kikakatika. Kikaanza tena. “Lina... linanipongeza!” alisema, na hapo tumbo likashika kazi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, alicheka akiwa amechuchumaa vilevile, mikono kwenye magoti, akitetemeka juu ya yale mayai bila kuyagusa. “Nishikeni!” alilia. “Nishikeni, akina mama, nitawaangukia watoto!”

Mimi nikamshika mkono huu, Bi Nyamizi akamshika ule, tukamvuta mpaka akasimama. Tukatazama chini. Mayai yote yalikuwa mazima isipokuwa moja, na hilo lilivunjwa na mwenyewe, kutoka ndani, na kuvunjika kwa namna hiyo hakuhesabiwi. Kifaranga alikuwa amelala juu ya velveti, ameloa, na kipande cha ganda la njano kichwani kama kofia ya sherehe.

Bi Nyamizi akaingiza mkono kikapuni. Punje ya kwanza ikaruka.

Hakuna aliyesubiri neno la shukrani lililopangwa kutolewa na mwenyekiti wa Kamati. Wanawake walipiga vigelegele, wakakunja kanga, majembe yakaingia ardhini. Wabeba masikio waliweka tarumbeta chini wakapewa mistari yao. Bwana Kapufi alibebwa na umati mpaka katikati ya shamba langu, na aliporudi barabarani alirudi pekupeku. Kiatu kimoja kiliota hapo msimu mzima. Mheshimiwa mwenyewe alipanda mstari mmoja. Ulipinda kama barabara zake, lakini niliuacha.

Jioni mawingu yakarudi, mvua ikanyesha juu ya mbegu zetu. Nilikaa mlangoni nikiisikiliza, wanangu wakiwa wamelala na tope miguuni. Siku hiyo sikuwaosha.

*

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini nchi yetu ina redio.

Kesho yake asubuhi ikatangazwa kwamba, kwa uongozi wake makini, Mheshimiwa Waziri ameatamia mayai yaliyochemshwa na yametotolewa. Mwandishi mmoja alitaka kuuliza swali, akapewa safari ya masomo. Bwana Kapufi akapandishwa cheo kuwa Mkurugenzi wa Taifa wa Utotoaji. Halafu ikaja amri: kila kaya ichemshe mayai kabla ya kumpa kuku ayaatamie.

Wataalamu walinijia na vitabu vyao kutaka kujua njia niliyotumia. Mimi nikawajibu ukweli, maana uongo unachosha na nilikuwa na palizi.

“Nilichemsha mayai,” nikasema. “Mkayala na chai.”

“Na yale ya kiotani?”

“Yalikuwa ya Shangazi.”

Wakaandika kwamba shangazi wa mtaalamu anamiliki siri, na kwamba bado mazungumzo yanaendelea. Itotowe tukachemsha mayai kama wananchi wema, tukayala, na yasiyochemshwa tukawaachia kuku bila kuwasumbua. Nchini kote vifaranga walipungua. Ikaundwa tume. Tume ilizunguka wilaya zote, ikala kuku waliobaki, ikatoa taarifa kwamba mayai hayana kosa, maji ya kuchemshia hayana kosa, bali kuku wa nchi hii hawana moyo wa kujitolea.

Hapo ndipo Mheshimiwa Lugusha aliposimama katika kikao cha mawaziri na kusema kwamba mayai yale hayakuwa yamechemshwa, na kwamba yeye anajua kwa sababu alikuwa juu yake. Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Tangazo lilisema ameondolewa kwa kosa la kueneza uvumi dhidi ya Waziri wa Rutuba, Mvua na Furaha ya Wananchi.

*

Mahindi yetu yalizaa. Tulivuna mpaka ghala likaomba msaada, wanangu wakanenepa mashavu, na Bi Nyamizi akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe hakukosea sana kunioa.

Kiangazi kikapita, ardhi ikanuna kama kawaida yake. Mvua za kwanza ziliponyesha tena, asubuhi moja nilimwona mtu anakuja njiani kwa miguu, amevaa suruali kuukuu na fulana, jembe begani. Amepungua mwili. Alifika uani akapiga hodi kama watu wengine.

“Karibu, Mheshimiwa,” nikasema.

“Lugusha tu, mama.” Akaliegesha jembe ukutani. “Uliniambia nikae kama mtu anayejua kuna siku atainuka. Basi nimeinuka.”

“Pole.”

“Ahsante. Magoti yamepata nafuu.” Akatazama huku na huku. “Yule kifaranga yuko wapi? Yule aliyenipongeza?”

Nikampeleka nyuma ya jiko. Yule kifaranga sasa ni tetea mkubwa mwekundu, na siku hiyo alikuwa kiotani, amejitanua juu ya mayai yake. Lugusha akainama kumsalimu, akadonolewa mkono mpaka damu ikatoka. Akaruka nyuma, akaushika mkono wake, na kile kicheko kikamtoka, safari hii bila kukwaruza.

“Huyu mkali, mama!”

“Anaatamia,” nikamwambia. “Mdomo anao, na atakudonoa usiku na mchana. Lakini hajavunja yai hata moja. Sisi hatukuwahi kuomba zaidi ya hapo.”